Umenunua diski mpya ya SSD? Ipime kabla ya kuikabidhi kazi zako

Jumatatu ya wiki iliyopita, kipindi cha jioni kikiwa kimeisha na mimi nikifunga milango ya studio, simu ya kituo ilipokea ujumbe. Msikilizaji wetu mmoja, kijana anayepiga video za harusi huko Kyela, aliandika hivi: "Dada mtangazaji, nimenunua SSD ya TB 2 kwa elfu arobaini na tano. Memori kadi zangu zimejaa na Jumamosi nina harusi. Nihamishie kazi zote humo halafu nifute kadi?"

Nilimpigia hapohapo. "Mdogo wangu, usifute hata picha moja. Hiyo diski umeshaipima?"

Akashangaa. Diski ni mpya, imetoka kwenye boksi lake, ameichomeka kwenye kompyuta ya rafiki yake na kompyuta imeandika TB 2. Kuna kitu gani kingine cha kupima?

Kipo, na ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Sikumlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuamini hivyohivyo na ikanigharimu.

Miaka michache iliyopita nilisafiri hadi Matema, nikapanda boti mpaka Ikombe, kile kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya Ziwa Nyasa na milima ya Livingstone. Wengi wenu vyungu vya Wakisi mnavijua kwa kuvinunua sokoni. Mimi nilitaka kusikia habari zake kutoka kwa anayevifinyanga. Nilimkuta bibi mmoja, nikamwamkia shikamoo, nikakaa naye kwa muda wa saa mbili kinasa sauti kikiwa katikati yetu. Alinieleza jinsi anavyochagua udongo, jinsi mama yake alivyomfundisha, na wimbo waliokuwa wakiimba wakati wa kuchoma vyungu. Tulirusha dakika 20 tu za mazungumzo hayo. Sehemu iliyobaki niliihamishia kwenye diski mpya ya TB 1 tuliyonunua mjini, pamoja na kazi nyingine za miaka mitatu, kisha nikasafisha kompyuta ya studio ili ipumue.

Mwaka uliofuata bibi yule alifariki, na familia yake ikaomba sauti yake. Nilifungua diski. Folda ilikuwepo. Jina la faili lilikuwepo, ukubwa wake ulikuwepo, tarehe ilikuwepo. Nilipobonyeza lisikike, halikufunguka. Nikajaribu la pili, la tatu, la kumi. Mafaili machache yaliyoingia mwisho yalifunguka vizuri, mengine yote yalikuwa majina matupu. Fundi alipoipima ile diski alikuta uwezo wake halisi ni GB 64. Dakika 20 zile tulizorusha ndizo pekee nilizoweza kuipa familia.

Sasa tuanze na kifaa chenyewe, maana ukijua kinavyofanya kazi utaelewa pia kinavyoweza kudanganya.

SSD ni diski ya kuhifadhia mafaili isiyo na kitu chochote kinachozunguka ndani yake. Zile diski za zamani, ambazo ukiziweka sikioni unasikia zikivuma, zina sahani inayozunguka kwa kasi na mkono mwembamba unaosoma juu yake. Ukiiangusha ikiwa inafanya kazi, mara nyingi ndiyo kwaheri. SSD ina chipu za memori, ndugu wa zile zilizomo kwenye simu yako na kwenye fleshi unayowekewa nyimbo. Kwa hiyo inastahimili mtikisiko wa bodaboda, ni nyepesi, haina kelele, na ikiwa ya kweli inaandika na kusoma kwa kasi kubwa mno. Pamoja na chipu hizo kuna chipu nyingine ndogo ambayo ni msimamizi. Hiyo ndiyo inayopanga data ikae wapi, na hiyo ndiyo inayoijibu kompyuta inapoulizwa, "Una nafasi kiasi gani?"

Hapo ndipo uongo unapopenyezwa. Chukulia ghala la mpunga lenye nafasi ya magunia 64, lakini karani wake amefundishwa kumjibu kila anayeuliza kwamba ghala linabeba magunia 2,000. Unaleta magunia yako. La kwanza hadi la 64 anayapanga vizuri. Gunia la 65 analipokea kwa tabasamu, analiandika kwenye daftari, halafu anakwenda kulimwaga la kwanza ili hilo jipya lipate mahali. Mwisho wa siku daftari lina majina ya magunia yote 2,000, na ukiliangalia unaridhika. Siku ya kuja kuchukua mpunga wako ndiyo utakapojua. Makarani wengine hata hawahangaiki kumwaga la zamani. Wanachukua la kwako jipya na kulitupa nyuma ya ghala.

Diski bandia hufanya hivyo. Kompyuta ikikuonyesha TB 2, haikupima chochote, imerudia tu maneno ya karani. Na orodha ya majina ya mafaili, kwa kuwa ni ndogo na hukaa sehemu za mwanzo za diski, mara nyingi inabaki salama. Ndiyo maana mimi niliona majina yote.

Jambo hili halitokei kwetu tu. Mwaka 2022 kule Marekani, mtafiti mmoja wa usalama wa kompyuta alinunua diski iliyotangazwa kuwa SSD ya TB 30 kwa dola 30 hivi. Alipoifungua alikuta kibao kidogo cha umeme na kadi mbili ndogo za memori, kama zile za kwenye simu, zimebandikwa kwa gundi. Kasha kubwa la kung'aa, ndani karibu hakuna kitu. Habari hiyo ilisambaa sana wakati huo, lakini diski za namna hiyo bado zinauzwa, na zinafika mpaka kwenye meza za minadani kwetu.

Kwa hiyo bei iwe alama yako ya kwanza. SSD ya kweli ya TB 2 inauzwa mara kadhaa ya hiyo elfu arobaini na tano. Alama ya pili ni ukubwa unaotangazwa. SSD za mkononi za kampuni zinazojulikana kwa kawaida ni za GB 500, TB 1, TB 2 au TB 4, na chache hufika TB 8. Ukiona kidude cha ukubwa wa kiberiti kimeandikwa TB 16 au TB 30 kwa bei ya kuku wawili, usipoteze muda hata wa kukipima. Alama nyingine ni boksi lisilo na jina la mtengenezaji wala namba ya kifaa, lina maneno makubwa ya "kasi ya ajabu" tu. Lakini nakutahadharisha, hata majina makubwa huigwa, na boksi zuri huchapishwa popote. Kupima hakukwepeki.

Kabla ya kutoka dukani, dai risiti ya EFD, na ukiweza lipa kwa simu ili kumbukumbu ya muamala ibaki. Muulize muuzaji waziwazi: "Nikiipima ikakutwa pungufu, utanirudishia hela ndani ya siku ngapi?" Jibu lake tu litakueleza mengi. Mwambie aandike siku hizo nyuma ya risiti.

Haya, umefika nyumbani. Jambo la kwanza ni waya. Tumia uliokuja na diski. Waya nyingi za chaja tulizonazo zinafanana na za data kwa nje, lakini baadhi hupitisha umeme tu, na nyingine hupitisha data kwa mwendo wa zamani wa USB 2.0. Kwenye laptopu tafuta tundu la USB 3, ambalo mara nyingi lina ulimi wa bluu ndani yake au alama ya SS pembeni. Tofauti ni kubwa. Kwenye tundu la USB 2.0 utapata kama MB 35 hivi kwa sekunde, wakati SSD ya kweli kwenye tundu la USB 3 hupata MB 400 kwa sekunde au zaidi. Video za harusi za GB 50 zitachukua dakika 24 hivi kwenye tundu la zamani, na dakika mbili na ushee kwenye tundu jipya.

Ukiichomeka, angalia ukubwa unaoonyeshwa, na hapa usishtuke bila sababu. Diski ya TB 1 Windows huionyesha kuwa GB 931. Ya GB 500 huonekana GB 465, na ya TB 2 huonekana TB 1.81. Huo si wizi. Kiwanda huhesabu TB 1 kuwa baiti 1,000,000,000,000 kamili, na Windows hugawanya kwa 1,024 badala ya 1,000. Nimeshapokea simu za watu waliorudisha diski nzima kabisa kwa sababu ya hizo GB 69 "zilizoibiwa".

Ukitaka kuitumia kwenye simu itabidi ujue kidogo kuhusu kufomati. Kufomati ni kuchora mistari ndani ya daftari kabla ya kuandika, na kuna michoro ya aina mbalimbali. NTFS ni mchoro wa Windows, na simu nyingi za Android haziusomi. FAT32 ni wa tangu mwaka 1996 na husomwa karibu na kila kifaa, hata redio za kwenye gari, lakini haukubali faili moja lenye GB 4 au zaidi. Mpiga video ataumia hapo, maana hotuba moja ndefu ya baba wa bwana harusi inapita kiwango hicho. Uliobaki ni exFAT, ulioletwa na Microsoft mwaka 2006. Huo unabeba mafaili makubwa, na husomwa na Windows, kompyuta za Apple, Linux za miaka hii, na simu nyingi za Android mpya. Kwa wengi wenu exFAT ndiyo inayofaa, na diski nyingi za dukani huja zikiwa hivyo tayari.

Kama haiko hivyo, kwenye Windows bofya diski kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Format, kisha exFAT. Soma jina la diski mara mbili kabla ya kukubali! Kufomati hufuta kila kitu, na nimeona mtu akifomati diski ya mwenzake iliyokuwa imechomekwa pembeni. Ukiwa na simu ya zamani kidogo, kwanza ijaribu na fleshi ndogo uliyoifomati exFAT. Simu ikisema haiwezi kuisoma, basi hiyo simu itahitaji FAT32 na mafaili madogo, au utahamisha kazi zako kwa kutumia kompyuta tu.

Sasa tumefika kwenye kipimo chenyewe. Kipimo cha kuaminika ni kimoja: kuijaza diski yote kwa data inayojulikana, kisha kuisoma yote upya na kulinganisha. Maana yake ni kupeleka magunia yote 2,000 ghalani, kila moja likiwa na namba yake, halafu kuyadai yote yarudi. Hapo karani hana pa kukimbilia.

Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, iliyoandikwa na Harald Bögeholz wa gazeti la kompyuta la c't la Ujerumani. Ni ya siku nyingi, sura yake si ya kuvutia, lakini inafanya kazi. Haihitaji hata kusakinishwa. Unaifungua, unachagua lugha ya Kiingereza, unachagua diski yako, kisha unabonyeza kitufe kilichoandikwa "Write + Verify". Itaandika mafaili ya GB 1 moja moja hadi diski ijae, halafu itayasoma yote. Mwishoni ikikuambia imemaliza bila kosa, diski yako ina uwezo inaoutaja. Ikikuandikia kiasi fulani ni sawa na kiasi fulani kimepotea, hicho kiasi kilicho sawa ndicho ukubwa halisi ulioununua. Piga picha ya skrini papo hapo. Kwenye Linux na kompyuta za Apple kazi hiyohiyo hufanywa na programu ya F3, ambayo ina amri mbili, moja ya kuandika na nyingine ya kusoma.

Muda gani? SSD ya kweli ya TB 1 inayoandika MB 400 kwa sekunde itamaliza kuandika kwa dakika 42 hivi, na kusoma kama hivyo tena. Saa moja na nusu, umemaliza. Kwenye tundu la USB 2.0 kazi hiyohiyo itachukua karibu saa 8 kuandika na 8 kusoma. Kwa hiyo hakikisha laptopu iko kwenye chaji, na kama kwenu umeme unakatika jioni, anza asubuhi. Zima pia ile tabia ya laptopu kulala ikiachwa.

Kwa wale wasio na subira nina njia ninayoitumia mwenyewe. H2testw inakuruhusu kutaja kiasi cha kupima badala ya diski nzima. Anza na MB 100,000, yaani GB 100. Diski bandia nyingi ndani yake zina kadi ya GB 32 au 64, hivyo zitakamatwa hapo hapo bila kusubiri siku nzima. Ikishinda mtihani huo, ndipo uiache ijipime yote usiku. Usiishie kwenye GB 100 tu, kwa sababu wapo waliokuwa wajanja zaidi wakaweka chipu ya GB 128.

Ipo pia ValiDrive, programu ya bure ya Windows ya Steve Gibson wa Marekani, iliyotoka mwaka 2023. Hii haijazi diski. Inaruka huku na kule katika sehemu mia kadhaa, inaandika kidogo na kusoma palepale, na ndani ya dakika chache inakuchorea sehemu zipi zipo kweli na zipi ni hewa. Hiyo ndiyo ya kufanyia dukani, kama muuzaji ana kompyuta na ana nia njema. Lakini mimi nikifika nyumbani bado najaza diski nzima.

Wengi mnaosoma hapa mna simu tu, najua. Je, simu peke yake inaweza kupima? Kwa uaminifu wa kutosha, hapana, na nitaeleza kwa nini. Wengine hunakili video moja mara nyingi hadi diski ijae, kisha wanafungua mbili tatu wakiona zinacheza wanafurahi. Kama magunia yote yana mchele uleule, utajuaje kwamba hili ulilopewa ni la kwanza au ni la mia moja lililowekwa mahali pake? Nakala zinazofanana zinaweza kufunikana bila wewe kutambua. Tena simu na kompyuta hukumbuka kwa muda kile zilichoandika sasa hivi, hivyo unaweza kuona video inacheza kumbe inatoka kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe. Ndiyo maana programu za kupima huandika data tofauti katika kila sehemu. Nenda kwa mwalimu wa shule, kwa ofisa wa kijiji, au kwa yule wa steshenari anayechapisha barua, mwombe kompyuta kwa siku moja. Hata ukimlipa elfu mbili tatu ya umeme, ni nafuu.

Simu itumie kwa kipimo cha pili, yaani kujua kama diski yako na simu yako zinaelewana. Utahitaji waya wa USB-C kwa USB-C, au kama simu yako ina tundu la zamani, adapta ndogo ya OTG. Simu nyingine zina kitufe cha OTG ndani ya mipangilio, usipokiwasha haioni kitu, na baadhi hukizima chenyewe baada ya dakika 10 diski isipotumika. Usidhani imeharibika. Tatizo jingine ni umeme. SSD inakula umeme wa simu yako, na simu yenye betri iliyochoka itaifanya taa ya diski iwake na kuzima, iwake na kuzima. Ikifanya hivyo usiendelee kunakili. Ichaji simu kwanza, au tumia adapta yenye tundu la pembeni la chaja ili simu na diski zipate umeme pamoja.

Nakili video moja kubwa kutoka kwenye simu. Iondoe diski kwa utaratibu, ukienda sehemu ya hifadhi ndani ya mipangilio na kubonyeza alama ya kuondoa. Subiri, chomoa, chomeka tena, fungua video na uitazame katikati na mwisho, si mwanzo tu.

Hilo la kuondoa kwa utaratibu watu wengi wanaliona ni urasimu. exFAT ina udhaifu wake: haina daftari la akiba la kurekebishia mambo kazi ikikatishwa katikati. Ukichomoa waya wakati inaandika, si faili lile moja tu linaloweza kuharibika, bali hata orodha ya mafaili mengine. Umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani ni hivyohivyo. Hapa studio hatunakili kitu chochote kwenye diski kama hakuna betri ya akiba nyuma yake.

Ukiwa unapima utaona pia jambo linalowatia watu wasiwasi: diski inaanza kwa kasi ya MB 400, halafu baada ya makumi ya GB inashuka ghafla hadi 150 au chini zaidi. Kwa SSD nyingi za kweli hiyo ni kawaida. Zina sehemu ya mapokezi yenye kasi kubwa, na ikijaa inabidi kazi iendelee kwa mwendo wa ndani ulio wa polepole. Inaweza pia kupata joto na kujipunguza mwendo yenyewe. Iweke mezani penye hewa, usiifunike kwa kitambaa wala kuiacha juu ya dashibodi ya gari. Lakini ikiwa tangu sekunde ya kwanza inakwenda MB 20 na tundu ni la USB 3, shuku kwamba ndani hakuna SSD.

Ukipenda kuchimba zaidi, programu ya CrystalDiskInfo kwenye Windows huonyesha saa ambazo diski imewahi kufanya kazi. Diski "mpya" yenye saa 3,000 ilikuwa ya mtu mwingine.

Diski ikishinda vipimo vyote, futa mafaili ya majaribio, anza kuitumia, lakini kadi zako za zamani usizifute bado. Hata ya kweli hufa. Mwaka 2023 wateja wengi walilalamika kwamba diski zao za mkononi za SanDisk Extreme na Extreme Pro zilikuwa zikigoma ghafla na mafaili kutoweka, na kampuni mama ya wakati huo, Western Digital, ikatoa marekebisho ya programu ya ndani kwa baadhi ya aina. Hizo hazikuwa bandia, ni bidhaa za jina kubwa na bei kubwa. Kwa hiyo kitu usichoweza kukirekodi tena kikae sehemu mbili tofauti, na nyumba mbili tofauti ikiwezekana, maana moto na mafuriko havichagui. Rekodi ya sauti safi ya saa nzima ni kama MB 600. Diski ya GB 500 inabeba zaidi ya saa 800 za namna hiyo, kwa hiyo wanakwaya na wazee wa ukoo wanaohifadhi sauti hawahitaji TB 2. Ni bora mbili za GB 500 zilizopimwa.

Na usiifungie sandukuni miaka mitano ukidhani itakusubiri. Chipu za SSD hushikilia data kwa chaji ndogo ya umeme ambayo huvuja taratibu sana diski isipowashwa, na joto huongeza kasi ya uvujaji huo. Sisi yetu tunaichomeka kila baada ya miezi mitatu, tunafungua mafaili kadhaa bila mpangilio, tunasikiliza.

Yule kijana wa Kyela alipata laptopu Jumatano jioni. H2testw ilianza kuandika kwa MB 18 kwa sekunde, akanitumia picha na alama ya kuuliza. Nilimwambia aiache imalize GB 100. Ilipofika usiku jibu likatoka: GB 29 ni sawa, zilizobaki zote zimepotea. Alhamisi alirudi dukani na risiti na picha ya skrini. Mwenye duka alibisha kwanza, akasema kompyuta ndiyo mbovu, kisha akamrudishia elfu arobaini na kumkata elfu tano kwa ajili ya boksi lililofunguliwa. Jumamosi alikwenda harusini na memori kadi ya kuazima, na kadi zake zile zilizojaa ziko palepale zilipokuwa, ndani ya kopo la kahawa. Ameanza kudunduliza kwa ajili ya GB 500.